Je, protini "huathiri" hamu ya kula?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni afisa wa lishe katika kituo cha afya huku Eastlands. Tunaandaa kijikaratasi cha kuwapa wagonjwa, na sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Protini huathiri hamu ya kula na mmeng'enyo wa chakula kupitia ubongo." Mwenzangu anasema haina kosa. Mimi naona kuna kitu kinanikwaruza ila sijui ni kipi. Halafu, tuseme "protini hii" au "protini hizi"? – Msomaji, Kayole

JIBU: Kwa upande wa sarufi mwenzako hajakosea, dada. Upatanisho uko sawa na maneno yote ni ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba mgonjwa akiisoma ataondoka akidhani protini ni kitu cha kuogopwa.

Chanzo ni "huathiri". Fungua redio jioni usikilize taarifa ya habari: mafuriko yameathiri wakazi wa Mathare, mgomo umeathiri masomo, waathiriwa wanaomba msaada. Kamusi inakubali pia maana isiyo na ubaya, ya kuleta badiliko, na mhakiki wa fasihi akisema mshairi fulani ameathiriwa na mwingine hamwonei huruma. Lakini anayesubiri dawa kwenye benchi siye mhakiki. Ukimwambia maharagwe yanaathiri mwili wake, atakuuliza aache kuyala lini. Isitoshe, kitenzi hiki ni kivivu. Hakisemi kama hamu imepanda au imeshuka, na hilo ndilo mgonjwa anataka kujua.

Sasa "hamu ya kula", na hapa sitaharakisha. Kiswahili hakiweki mambo ya tumbo katika kapu moja. Njaa tunaisikia, na ikizidi inauma. Uchu una kitu chake maalumu: mtu aliyekula sukuma wiki Jumatatu hadi Ijumaa anaweza kuwa ameshiba na bado ana uchu wa nyama. Kukinai ni jambo la ulimi zaidi ya tumbo. Watu wa Pwani watakwambia halua inakinaisha, lakini huyo huyo aliyekinai halua mletee viazi karai uone kama hatavila. Shibe ni hali ya kutosheka, kinyume cha njaa.

Hamu ya kula ni nini basi? Ni ule utayari wa kukaribia sahani, na mara nyingi tunautaja ukishapotea. "Daktari, sina hamu ya kula" ni kauli ya mtu mwenye malaria au homa. Kwa hiyo hata ungeacha "huathiri" ukaandika "protini hupunguza hamu ya kula", msomaji wako angesikia dalili ya ugonjwa. Unachotaka kumwambia ni kwamba protini hushibisha.

Na sayansi inaliunga mkono neno hilo. Mtu akila mayai, samaki au ndengu, utumbo hutoa homoni za shibe kama GLP-1 na PYY, huku grelini, homoni ya njaa ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1999, ikishuka. Habari hizo husafiri kwa damu na kwa vagasi, neva ndefu inayounganisha ubongo na tumbo, hadi kwenye ubongo. Huko ndani, sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi ni miongoni mwa zile zinazopima kama mwili umepata cha kutosha. Kalori zikiwa sawa, mlo wenye protini nyingi kwa kawaida hushibisha zaidi ya mlo wa wanga au mafuta, na njaa hukawia kurudi.

Ajabu ni kwamba wateja wa vibandani wanalijua hili bila haipothalamasi. Pita soko la Muthurwa, Nairobi, saa saba mchana. Mtu wa mkokoteni haulizi chakula kitamu, anauliza kitakachokaa. Ugali kwa madondo, yaani maharagwe, hukaa. Chai na maandazi ya asubuhi hayafiki saa nne. Msemo huu wa chakula "kukaa tumboni" sioni sababu ya kuurekebisha eti kwa kuwa shibe inaamuliwa kichwani. Kijikaratasi chako kiutumie, kisha kieleze kazi ya ubongo katika sentensi inayofuata.

"Kupitia ubongo" ni jambo dogo. Jinsi ulivyoipanga, mtu anaweza kuona maharagwe yakipita kichwani. Ufanye ubongo uwe mtendaji: unapokea habari, unazuia njaa.

"Mmeng'enyo", hapana kabisa. Mmeng'enyo ni kuvunjwavunjwa kwa chakula tumboni na utumboni ili kiweze kufyonzwa. Unachokusudia ni kile mwili unachofanya na chakula kwa jumla, kukitumia kwa nguvu, kwa joto, kwa kujenga misuli, na maandishi ya sayansi hukiita umetaboli. Kwa mgonjwa andika tu "jinsi mwili unavyotumia chakula". Tofauti hii ina uzito wake hapa: katika nishati iliyomo kwenye protini, mwili hutumia takriban asilimia 20 hadi 30 kuishughulikia protini yenyewe, ilhali wanga huchukua asilimia 5 hadi 10 na mafuta hayazidi 3 au karibu na hapo. Ukiandika "mmeng'enyo" unamfanya mtu awaze kiungulia.

Mimi ningeandika hivi: "Vyakula vyenye protini hushibisha na huchelewesha njaa. Ukivila, tumbo na utumbo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba umepata cha kutosha. Mwili pia hutumia nguvu zaidi kuvishughulikia." Ni sentensi tatu badala ya moja, najua, na karatasi ni ghali. Punguza picha.

Kuhusu "hii" na "hizi": protini iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo zote mbili zinafaa. Ukiizungumzia kama kirutubishi, sema "protini hii". Ukihesabu aina, sema "protini hizi", na aina zipo: protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga protini, ya maharagwe inayo kwa wingi ila imepungukiwa na methionini, na protini hizi mbili zikikutana kwenye sufuria ya githeri kila moja huziba pengo la mwenzake.