Sanduku la Mama: Vitu Visivyotarajiwa Vilivyotufaa Katika Safari ya Meli ya Kitalii

Usiku wa kuamkia safari yetu, katika chumba cha hoteli mjini Barcelona, nilifungua sanduku la mama yangu kwa nia ya kulipunguza uzito. Yeye alikuwa amefika mchana wa siku hiyo akitokea Tanga kupitia Dar es Salaam, nami nilikuwa nimetoka Manchester, ninakoishi na kufanya kazi. Ndani ya sanduku nilikuta kopo la plastiki lenye mkono, khanga doti tatu, vibanio vya nguo vilivyofungwa kwa mpira, kikopo cha tangawizi kavu iliyosagwa na kipakiti cha viungo vya chai. Nilivitoa vyote nikavipanga kitandani, nikamweleza kwamba meli tunayopanda ina mikahawa, maduka na wahudumu wa kusafisha vyumba mara mbili kwa siku. Mama akavirudisha kimoja kimoja bila kubishana. Aliniambia tu, "Mwanangu, wewe umesoma orodha yao, lakini mimi najua ninavyoishi."

Tulikuwa tunakwenda kuzunguka Bahari ya Mediterania kwa siku saba, tukipita Marseille, Genoa, Napoli, Messina na Valletta, mji mkuu wa Malta, kabla ya kurudi Barcelona. Hadi tuliposhuka, kila kitu nilichotaka kukiacha hotelini kilikuwa kimetumika, na baadhi ya vitu nilivyobeba kwa kufuata ushauri wa mitandaoni vilirudi vikiwa havijaguswa. Ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofikiria safari ya namna hii, hasa wale wanaokusudia kuwachukua wazazi wao, kwa sababu orodha nyingi za vitu vya kubeba zimeandikwa na watu wasioishi kama tunavyoishi sisi.

Nianze na kopo, kwa kuwa ndilo ambalo wengi huona haya kulitaja. Vyoo vya meli hizi havina maji ya kujisafishia, na hufanya kazi kwa kunyonya kwa nguvu ya hewa kupitia mabomba membamba. Kitu chochote kisichokuwa karatasi ya chooni kikitupwa humo kinaweza kuziba bomba linalotumiwa na vyumba kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo zile karatasi zenye unyevu, ambazo baadhi yetu huzitumia pale maji yanapokosekana, si mbadala mzuri, hata kama pakiti yake imeandikwa kwamba zinaweza kumwagwa chooni. Kopo la mama lilimaliza tatizo hilo tangu jioni ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba uchague lililo fupi, kwa kuwa sinki la chumba cha meli ni dogo na mfereji wake uko chini sana. Letu halikuenea chini ya mfereji, ikabidi tulijaze kwa bomba la kuogea. Kwa matembezi ya mchana, chupa laini ya plastiki yenye mdomo mwembamba, ile unayoibana maji yakatoka, inatosha na inaingia katika mkoba bila mtu kuiona.

Chumba chetu kilikuwa cha ndani, yaani kisicho na dirisha, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyo nafuu zaidi. Mtu ambaye hajawahi kulala katika chumba cha aina hiyo hawezi kuukisia ule weusi wake. Ukizima taa, saa sita za mchana na saa sita za usiku ni sawasawa, na mzee anayeamka kwenda msalani hajui mlango uko upande gani. Usiku wa kwanza mama alijigonga goti kwenye ukingo wa kitanda, na mimi ndiye niliyekuwa na kosa, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari ya taa ndogo ya betri nikaona ni anasa. Tulinunua moja Marseille siku iliyofuata, ya aina inayowaka yenyewe mtu anaposogea, nayo ikatuhudumia hadi mwisho. Kama unasafiri na mtu mwenye umri mkubwa au na mtoto, kiweke kitu hiki katika sanduku kabla ya nguo.

Taa hiyo tuliibandika ukutani kwa sumaku, na hapa nifike kwenye kitu ambacho mimi mwenyewe nilikibeba na ninajivunia. Kuta na milango ya vyumba katika meli nyingi ni ya chuma chini ya rangi, kwa hiyo sumaku zenye kulabu hunata kana kwamba ukuta umetengenezwa kwa ajili yake. Nilibeba nane. Tulizitumia kutundika kofia, mikoba, mtandio wa mama, tasbihi yake na ile karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni, na hivyo meza pekee iliyokuwapo ikabaki wazi kwa dawa na miwani. Chumba kidogo chenye vitu vilivyotawanyika humchosha mtu kuliko matembezi yenyewe.

Chuma hichohicho, hata hivyo, kinaharibu kazi ya dira. Mama alikuja na dira ndogo ya kutafutia kibla, na ndani ya chumba sindano yake ilielekea kila ilikotaka, kwa kuwa chuma cha meli huivuta. Zaidi ya hapo, meli hugeuka. Tulichofanya ni kufungua chaneli ya televisheni ya chumbani inayoonyesha ramani na mwelekeo wa meli, kisha tukakadiria: ukiwa upande huu wa magharibi wa Mediterania, Makka iko mashariki kwa kuegemea kusini. Mchana tulipanda sitaha ya juu tukajiongoza kwa jua. Mwenye kubeba dira asiiache, lakini aitumie nje, mbali na vyuma.

Kuhusu umeme, yafaa kueleza sababu, kwa maana watu wengi hunyang'anywa vitu bandarini bila kuelewa ni kwa nini. Plagi yetu ya pini tatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uingereza pia, haiingii katika soketi za meli nyingi za Mediterania, ambazo huwa na matundu mawili ya duara ya Ulaya na pengine yale ya Kimarekani. Adapta ni lazima. Lakini usibebe ekstensheni yenye kinga ya kuzuia umeme unaoruka, kwa sababu umeme wa meli haukuunganishwa na ardhi kwa namna ya umeme wa nyumbani, na kinga hiyo inaweza kupata moto badala ya kulinda. Baadhi ya kampuni zimekwenda mbali zaidi na kukataza ekstensheni za aina zote, hivyo soma masharti ya meli yako. Sisi tulibeba chaja moja yenye matundu manne ya waya za simu, ikatosha. Kwa hofu hiyohiyo ya moto, pasi, jagi la umeme la kuchemshia maji, mishumaa, na kwa upande wetu udi, ubani na chetezo, vyote vibaki nyumbani. Nguo zilizokunjamana tulizitundika bafuni wakati wa kuoga kwa maji ya moto, na mvuke ukazinyoosha kwa kiasi cha kuridhisha.

Khanga sasa. Sidhani kuna kitambaa kinachofanya kazi nyingi zaidi kwa uzito mdogo kiasi kile, na ninasema hivyo nikiwa mtu aliyejaribu kuziacha hotelini. Zilikuwa shuka pale kiyoyozi kilipozidi, zilikuwa mswala, zilikuwa taulo la ziada, na vibanio vya mama vilizishika kwenye viti vya sitahani ambako upepo hupeperusha kila kitu kisichofungwa. Pale Valletta ndipo zilipotufaa zaidi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, ambamo mumo mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitalia Caravaggio wa kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, haliruhusu mabega na magoti wazi, wala viatu vyenye visigino vyembamba, kwa kuwa visigino hivyo huumiza sakafu yake ya marumaru iliyofunika makaburi ya wapiganaji wa kidini wa zamani waliotawala Malta. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi isiyo na mikono kwa sababu ya joto. Mama akatoa khanga mkobani, akanifunika mabega, tukaingia. Mji huo una ngazi nyingi na barabara za mteremko, kwa hiyo viatu vya chini vyenye soli isiyoteleza vinahitajika hata kwa mtu asiyekusudia kuingia kanisani.

Tangawizi ilipata kazi usiku wa kwanza kabisa. Kati ya Barcelona na Marseille meli hupita Ghuba ya Simba, ambako upepo uitwao mistral hushuka kwa kasi kutoka bonde la mto Rhône na kuichafua bahari. Mama, aliyekulia kando ya bahari, hakutikisika, bali mimi ndiye niliyelewa bahari hadi nikashindwa kuinua kichwa. Alinichanganyia tangawizi na maji ya moto kutoka mkahawa wa sitahani, nikanywa kidogo kidogo pamoja na biskuti kavu, na baada ya muda nikaweza kulala. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vipo na vinasaidia, ila vingi huleta usingizi na hufaa kumezwa kabla hali haijaanza. Mtu mwenye dawa zake za kila siku, hasa zile za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza, na hilo linahusu hata tangawizi. Kama bado hujachagua chumba, omba kilicho katikati ya meli na sitaha za chini, ambako mtikisiko hupungua. Viungo vya chai navyo vilitufaa kila asubuhi, maana chai ya melini ni maji ya moto na kifuko tu. Vyakula vingine vya nyumbani viangalie kwa makini, kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka nje ya umoja huo kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa.

Saa ya mkononi inaonekana kuwa kitu cha kawaida mno kutajwa, lakini meli hufuata saa yake yenyewe, na huondoka kwa saa hiyo. Mwezi Septemba, Barcelona iko nyuma ya Tanga kwa saa moja na mbele ya Manchester kwa saa moja, kwa hiyo simu zetu mbili, zisiporekebishwa, zingeachana kwa saa mbili. Tulirekebisha saa ya mama kwa saa ya meli, na kila asubuhi nilimwandikia katika karatasi ndogo muda wa mwisho wa kurudi kwa namna zote mbili, 17:30 na saa kumi na moja na nusu jioni, pamoja na jina la meli na namba ya simu ya wakala wa bandari, ambayo huchapishwa katika ratiba ya siku. Karatasi haiishiwi chaji. Sarafu chache za yuro kwa ajili ya vyoo na mabasi ya mjini nazo zikae humohumo mfukoni, kwa kuwa ndani ya meli hakuna anayetumia fedha taslimu na watu husahau.

Nimebakiza mkoba wa mkononi, na hili ndilo ninaloomba lisipuuzwe. Siku ya kupanda meli, masanduku hupokelewa bandarini na kuletwa mlangoni baadaye, wakati mwingine jioni sana. Dawa za shinikizo la damu za mama zilikuwa ndani ya sanduku, na tulikaa tangu adhuhuri hadi karibu saa mbili usiku bila kujua liko sitaha gani. Hakupata madhara, alhamdulillahi, lakini sitaki mtu mwingine apitie saa zile. Dawa, pasipoti, miwani, chaja, nguo za kubadili na khanga moja viwe mkononi mwako. Mkoba huohuo utauhitaji tena usiku wa mwisho, kwa sababu masanduku hutakiwa kuwekwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane ili yashushwe mapema, na lolote uliloliweka humo hutaliona hadi ufike ukumbi wa bandari. Asubuhi ile, katika korido yetu, jirani mmoja alikuwa akizunguka na nguo za kulalia akiuliza wahudumu kama sanduku lake lingeweza kurudishwa. Mama alimpelekea khanga ajisitiri, na akamwambia asiirudishe.