Umemfungia mume saumu, mama yake umempandisha basi

Barua ya wiki hii ni ya mke wa miaka 31, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam. Ni ndefu, nimeipunguza:

"Shangazi shikamoo. Nina mwaka wa sita kwenye ndoa, tuna watoto wawili. Tangu usichana napenda mno mila za Kihindi: mavazi yao, hina zao, heshima ya ndoa zao. Oktoba iliyopita niliamua kumfungia mume wangu Karva Chauth, saumu ambayo wake wa Kihindi huwafungia waume zao ili waishi maisha marefu. Sikunywa hata tone la maji tangu alfajiri. Nikavaa sari nyekundu, nikasimama uani na chekeche mkononi, nikimsubiri aje tuutazame mwezi, aninyweshe maji kwa mkono wake. Karudi saa nne usiku kutoka gereji, ananuka grisi, akaniuliza, 'Unachekecha unga usiku huu?' Halafu akauliza chakula kiko wapi. Nililia, shangazi. Mpaka leo namjibu kwa mkato. Nyumba sasa imetulia, maana mama yake amerudi kwao Muheza, hakuzoea maisha yetu. Wanaume wa Kihindi wanajua kupenda. Huyu wangu nimfanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kiu. Kukaa kutwa bila maji kwenye joto la Temeke si mchezo, na nia yako ilikuwa njema. Pole yangu inaishia hapo.

Mimi nimecheka pamoja na mumeo. Mtu kashinda mgongoni chini ya magari ya watu, anafika kwake anamkuta mkewe gizani, kavaa kama bibi harusi, kashika chekeche. Ulitaka aulize nini? Asubuhi ulimwambia kwamba umefunga? Nimelitafuta hilo kwenye barua yako, sikuliona. Ulitaka akisie. Yule mume wa kwenye tamthilia za Kihindi hakisii kitu, mwanangu. Ameandikiwa maneno ya kusema na analipwa kwa kuyasema. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kisha karibu na mwisho umenipitishia jambo upesi upesi, kama mpitisha magendo mbele ya forodha: mama yake amerudi Muheza, "hakuzoea". Mtu mzima yule hakuzoea nini? Kukaa kimya sebuleni usiku kucha ili wewe usikie tamthilia vizuri? Mama mkwe haondoki hivi hivi. Huondoshwa, kwa chai inayochelewa, kwa vijineno vya jikoni, kwa mlango wa friji unaobamizwa kila akikohoa. Mimi nina wakaza wana, nayajua hayo yote.

Sasa tazama mila uliyoipenda inavyokushitaki. Karva Chauth hufungwa zaidi na wanawake wa Kihindu wa kaskazini mwa India, Punjab, Haryana, Rajasthan, Uttar Pradesh na majirani zao, siku ya nne baada ya mwezi mpevu katika mwezi wanaouita Kartik, ambayo kwetu huangukia Oktoba au Novemba. Unajua siku ile inaanza na nani? Inaanza na mama mkwe. Jua halijachomoza, hasa kwa Wapunjabi, yeye ndiye anayempa mke wa mwanawe daku, wanaiita sargi: tambi za maziwa, matunda, mikate ya kusukuma, vitu vitamu, ili mtoto wa watu astahimili mpaka usiku. Alasiri wanawake hukaa duara na sinia zao, wakizipokezana huku mmoja akisimulia kisa cha saumu hiyo. Mke naye humtolea mkwewe zawadi. Mambo ya kuuchungulia mwezi kwenye chekeche, kisha uso wa mume, kisha funda la maji, ni dakika chache za mwisho. Wewe umechukua dakika hizo peke yake kwa kuwa ndizo zenye picha. Daku yako siku ile alikupa nani? Ulijipakulia mwenyewe, maana wa kukupakulia alishakwenda zake.

Unasema unapenda heshima ya ndoa zao. Haya, tuichukue nzima nzima. Kwa desturi ya wengi huko, mke ndiye anayehamia kwa wakwe, akakaa nao na mashemeji na wake zao, jiko moja. Akiwaamkia wazee huinama akawagusa miguu. Mahari nayo huenda kinyume na yetu: upande wa bibi harusi ndio unaotoa. India ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1961, lakini halijakoma, na kila mwaka maelfu ya wake hufa kwa sababu yake, wengine kwa kuuawa na wengine kwa kujiua baada ya kuteswa. Hilo kwenye sari halionekani. Baba yako aliwapa nini akina mumeo? Hakutoa, alipokea, na bila shaka alihesabu. Apendaye boga hupenda na ua lake. Wewe umechuma ua, boga umeliacha shambani.

Sikukatazi kupenda mambo ya Kihindi, ningekuwa mnafiki. Pwani hii bajia na sambusa ni zetu sote, na taarabu zetu nyingi ziliazima sauti kutoka sinema za Kihindi. Usichana wangu Jumapili ilikuwa ya sinema ya Kihindi, tukilia mpaka ncha za kanga zinalowa. Lakini tukitoka hapo tulikwenda kupika.

Na hao "wanaume wa Kihindi" ni akina nani? Tembea Kisutu na Upanga uone. Kuna Mhindu wa Kigujarati, kuna Bohora na Ismailia, Waislamu hao, kuna Mgoa anayekwenda misa. Watatu kati ya hao saumu hiyo haiwahusu kabisa. Huko India kwenyewe, kwa Wakhasi wa Meghalaya, nyumba ya wazazi hurithiwa na binti wa mwisho, na mumewe ndiye anayehamia kwa akina mke. Hiyo nayo ni India, ila sidhani umewahi kuiona kwenye runinga yako. Na yule Muhindi anayemuuzia mumeo bolti na beringi, akifunga duka usiku naye huuliza chakula kiko wapi.

Tatizo kubwa la ndoa za siku hizi ni kupenda kutazamwa. Zamani mwari alifundwa na somo wake ndani, mlango umefungwa, akaambiwa mambo yanayomuweka mtu kwenye nyumba miaka arobaini. Leo ni kicheni pati: ukumbi, sare, mpiga picha, mtu anafundwa kwa kipaza sauti mbele ya ofisi nzima. Akitoka pale anajua kupozi, lakini hajui kumwambia mumewe, "Leo wahi kurudi, nina jambo." Akinuna hununia simu. Akipatana, hupatania simu. Na wanaume nao wameshika hiyo hiyo, keki ya kumbukumbu ya ndoa inapigwa picha na kodi ya nyumba haijalipwa.

Habari ya kufunga saumu ya dini isiyo yako siiingii, waulize viongozi wa dini yako. Na mumeo si malaika. Kumuona mke analia, wewe ukaendelea kufunua masufuria, ni uzembe, na akiniandikia nitamwambia hivyo hivyo.

Leo leo acha kumjibu kwa mkato. Mkalishe umueleze kwamba ulishinda na kiu kwa ajili yake. Nina hakika mpaka sasa hajui. Kisha mwombe nauli ya Muheza, ya kwenda mtu mmoja na ya kurudi wawili. Ukifika usizunguke na habari za mvua na mihogo. Mwombe radhi mama, mwambie chumba chake kipo, na taarifa ya habari ya saa mbili ni yake. Akikataa kuja, niandikie tena, na safari hiyo usiniruke hata neno moja la aliyokujibu.