Kilo mbili za sembe: ni uzito au ni tungamo?

SWALI: Mfuko wa sembe umeandikwa "uzito kilo 2". Binti yangu wa darasa la sita anasema mwalimu kawafundisha kwamba kilo si kipimo cha uzito, ni cha tungamo. Je, tumekuwa tukikosea miaka yote? Na kwa nini waseme "kani" wakati "nguvu" ipo?

JIBU: Hukukosea, wala mwalimu hakukosea. Neno -zito lilikuwapo kabla ya vitabu vya fizikia, na kazi zake ni nyingi: uji mzito, usingizi mzito, mja mzito. Weka mizanini bakuli mbili, moja ya uji mzito na moja ya uji mwepesi. Huenda zisipishane hata kidogo. Neno hili hutaja kile ambacho mkono na mwili hukisikia.

Fizikia ikalichukua, ikalibana. Kwa wanafizikia uzito ni kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ambayo Dunia hukivutia kitu, nayo hupimwa kwa nyutoni. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo, na asili yake ni kutungama, kama damu inavyotungama. Sembe yako ina nyutoni kama 20 hapa duniani. Ifikishe mwezini zitabaki nyutoni 3 na kidogo, ila unga ni uleule na ugali utashibisha walewale. Mizani ya mawe ingekupa kilo 2 hukohuko mwezini, maana jiwe nalo limepungua uzito. Ile ya springi ya kuning'inizia nyama ndiyo ingekudanganya.

Basi kwenye mtihani binti aandike: tungamo kilo 2, uzito nyutoni 20. Akitumwa dukani atasema "nipimie kilo mbili" kama kawaida. Wala hapo hakuna aliyetaja uzito.

Kani ni neno la zamani. Mtu akishikilia lake haambiliki, twasema ameshika kani. Wataalamu walilihitaji kwa sababu "nguvu" imeelemewa: nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu ya sheria.

Neno ninalolitetea kuliko yote ni mvutano. Wengi huandika "mvuto wa Dunia", kana kwamba Dunia inavuta na unga umetulia tu. Lakini Newton alishaonyesha mwaka 1687 kwamba kani huenda mbilimbili: huo mfuko nao unaivuta Dunia kwa nyutoni 20 zilezile, ila Dunia ni kubwa mno hata haionekani kutikisika. Kiswahili kina kiambishi cha jambo hilo, -an-, kile cha pigana na saidiana. Msuguano nao unacho, kwa kuwa soli husugua sakafu na sakafu husugua soli. Ndiyo maana kila nikikuta "mvuto wa Dunia" katika mswada ninaohariri, huiongeza hiyo -an- kwa kalamu nyekundu.