Niliwaeleza habari za mkeka

Wiki hii mmeuliza: "Kwenye usaili wa kazi, ukiulizwa unapenda kufanya nini muda wako wa mapumziko, useme ukweli au useme kinachopendeza?" Mimi nasema ukweli, na sababu ninayo.

Wasifu wangu wa kwanza nilichapiwa steshenari, karibu na kituo cha daladala. Kijana wa pale alikuwa na mfano wake kwenye kompyuta. Anabadilisha jina na namba ya simu, basi. Chini kabisa paliandikwa mambo ninayopenda: kusoma vitabu, kuogelea, kusafiri. Nikaupeleka vilevile. Siku ya usaili mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kitabu gani umekimaliza karibuni?" Nikataja kimoja cha sekondari. Akataka nimweleze kinaishaje. Nilishasahau. Hakunikemea, ila nilimwona anarudi kuusoma wasifu wangu upya, mstari kwa mstari, na tangu hapo hata nilipojibu la kweli, alinitazama kama mtu asiyeamini.

Usaili wa pili ulikuwa wa kazi ya kutunza stoo. Swali likaja lilelile. Nikasema nasuka mikeka.

Nilisema kwa haya kidogo, maana nilijifunza kwa bibi mzaa mama, Pangani, na wengi wanaihesabu kuwa kazi ya vikongwe. Lakini waliponiuliza inakwendaje, maneno yalikuja yenyewe. Nikawaeleza kwamba ukindu, yaani majani ya mkindu, ukishakauka juani unauchana kwa upana mmoja, na ule wa rangi unauchemsha mbali. Kisha unasuka ukili, mrefu kama utepe, unaupima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ndipo unashona ukingo kwa ukingo mpaka upate mkeka. Ukikaza upande huu na kulegeza ule, mkeka haulali, pembe zinainuka. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Ukigundua umekosea katikati, unafanyaje?" Nikamjibu, "Nafumua, mama. Kosa nikilificha, litaonekana siku ya kutandika." Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Kazi nilipata. Sisemi ni mkeka ulionipa, kwani hata mtihani wa hesabu niliufanya vizuri. Ninachojua ni kwamba siku ile, hapo tu ndipo sikuhangaika kutafuta maneno. Wasaili hawakuwa na shida na mikeka. Walitaka kunisikia nikieleza jambo ninalolijua kwa mikono yangu, waone kama nina subira na kama nikikosea nakiri. Hayo ya steshenari yasingewaonyesha chochote.

Usaili wa serikali ni habari nyingine kidogo. Mara nyingi kuna mchujo wa kuandika kwanza, na ukifika kwenye mahojiano muda ni mchache, kwa hiyo sentensi mbili zinatosha.

Lakini liko jambo linaloniudhi sana. Wapo wanaolitumia swali hili kuingilia uani. "Jumapili huwa uko wapi?" "Jioni nani anakusubiri nyumbani?" Hapo mtu haulizi unapenda nini, anauliza dini yako na ndoa yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Wadogo zangu wengi hawalijui hili. Ukitaka kusema unaimba kwaya au kaswida, sema, ni fahari yako. Ila usikubali kuchimbwa. Jibu kwa adabu kwamba muda wa kazi utautimiza, kisha rudi kwenye kazi yenyewe.

Juzi mpwa wangu kaniletea wasifu wake niupitie. Kusoma vitabu, kuogelea, kusafiri. Maneno yaleyale, miaka yote hii. Nikamwuliza kuogelea amejifunza lini, akacheka. Kuogelea hajui, lakini kila asubuhi kabla ya chai yuko bandani kwa njiwa wake, na daftari analo la nani kataga lini na makinda mangapi yamepona. Nikayakata kwa mstari yale matatu.

"Mama mdogo, kwani na njiwa nao wanaandikwa?"

Nikamwambia aandike na idadi yao. Akachukua kalamu, akahesabu kimoyomoyo, akaandika: Nafuga njiwa 19.