Maswali ya Wasomaji: Kuingia Wanasaini, Kutoka Wanasahau

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni msimamizi wa maabara ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Tabora mjini. Kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni maabara hiyo hutumika kwa masomo ya usaidizi: wanafunzi wa mwaka wa tatu huwaelekeza wenzao wa mwaka wa kwanza katika hesabu, takwimu na uandishi wa programu, na chuo huwalipa posho ndogo kwa saa. Mahudhurio tunayaandika kwenye kaunta buku lililo mezani, na kalamu imefungwa kwa uzi isitembee. Mwisho wa muhula mkuu wa idara hutaka kujua ni wanafunzi wangapi wamesaidiwa, kwa saa ngapi na katika masomo gani, nami hukesha nikihesabu mistari isiyosomeka. Sasa nimeruhusiwa kutumia kompyuta moja ya zamani kuandaa mfumo wa kusaini. Baadhi ya wenzangu wananishauri tununue mashine ya alama za vidole, na wengine wanasema nibandike msimbo wa QR ukutani ili kila mtu ajisainie kwa simu yake. Nianzie wapi?
Msimamizi wa maabara, Tabora

JIBU: Ndugu msimamizi, anzia kwenye ile ripoti ya mwisho wa muhula. Chukua karatasi, uichore kama fomu tupu yenye nafasi zote ambazo mkuu wa idara hutaka zijazwe, kisha ujiulize kila nafasi itajazwa kutokana na taarifa gani. Kwa jinsi ulivyoeleza, mwanafunzi anatakiwa kutoa mambo mawili tu, yaani namba yake ya usajili na somo lililomleta, huku muda wa kuingia na wa kutoka ukiandikwa na kompyuta yenyewe. Jina, kozi na mwaka wa masomo asiviandike kabisa. Viombe kutoka ofisi ya usajili mwanzoni mwa muhula, uviingize kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa kwenye kompyuta, na namba ya usajili iwe ndiyo kiungo. Mtu yule yule akijiandika leo Ramadhani Juma, kesho Rama J. na keshokutwa R. Juma, kompyuta itahesabu watu watatu, na ripoti yako itakuwa na wanafunzi hewa bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Mashine ya alama za vidole nisingeinunua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria, yaani za maumbile ya mwili kama alama za vidole, katika kundi la taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Utajikuta unatunza fomu za ridhaa, unajibu maswali ya usalama wa kanzidata hiyo, na unatafuta njia ya kumsajili yule ambaye vidole vyake vimekatikakatika kwa kazi za shamba hata mashine haivisomi. Yote hayo kwa ajili ya kujua nani alikuja kuelekezwa takwimu!

Msimbo wa QR ukutani una kasoro ya aina nyingine. Picha iliyobandikwa haibadiliki, kwa hiyo mmoja ataipiga kwa simu na kuirusha kwenye kundi lao, na aliyelala chumbani kwake Ipuli atasainiwa kuwa yuko maabara. Unaweza kutengeneza msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde kadhaa kwenye skrini, lakini hapo utahitaji seva, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia simu zote hizo, na intaneti isiyokatika, na bado utakuwa umemwacha nje mwenye simu ya kitochi na yule aliyeishiwa bando.

Ninachokushauri ni kompyuta hiyo hiyo moja, programu ndogo isiyohitaji intaneti, na skana ya kusoma msimbopau, yaani ile milia myeusi, kwenye kitambulisho cha chuo. Skana za kawaida za waya wa USB hufanya kazi kama kibodi: zinaandika namba kisha zinabonyeza kitufe cha kuingiza (Enter), basi. Kwa sababu hiyo huhitaji programu maalumu ya kuiendesha, na ikiharibika mwanafunzi ataandika namba yake kwa mkono kwenye kisanduku kile kile. Kama vitambulisho vyenu havina milia, mnaweza kuchapa vibandiko wenyewe, ila chagueni aina inayokubali alama zilizomo katika namba zenu. Code 39 inabeba tarakimu, herufi kubwa na mkwaju (/). Code 128 inabeba zaidi ya hapo na huchukua nafasi ndogo. Lakini EAN-13, ile ya bidhaa za dukani, ni ya tarakimu tupu.

Kuna jambo dogo ambalo huwasumbua wengi wanaotumia skana hizi. Namba huandikwa pale ambapo kishale cha kuandikia kimesimama. Mwanafunzi akigusa kidogo kipanya cha kompyuta na kubofya pembeni ya kisanduku, skana italia vizuri, yeye ataenda zake kuketi, na hakuna kitu kitakachokuwa kimeandikwa. Ondoa kipanya kwenye kompyuta hiyo, programu ijaze skrini nzima, na kila inaposomwa namba litokee jina la kwanza la mhusika kwa maandishi makubwa. Wazoeze kwamba asiyeona jina lake hajasaini. Baada ya jina, ije orodha fupi ya masomo yenye namba 1 hadi 6 au 7, achague kwa kidole kimoja, apishe mwenzake. Kipindi cha saa nane kinapoanza watakuwa wamepanga foleni mlangoni, na kila swali utakaloongeza litairefusha. Ushawishi wa kuongeza swali la “umeridhika kwa kiwango gani?” utakuwa mkubwa; usikubali.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mifumo ya namna hii hukwamia, nayo ni kutoka. Kuingia wote watasaini kwa sababu yupo mtu anayewatazama na wanataka kusaidiwa. Saa kumi na mbili kasoro kila mmoja anawahi bodaboda kabla giza halijaingia, na mashine iliyo mlangoni hakuna anayeikumbuka. Usipolipangia hilo tangu mwanzo, utakuta kwenye ripoti mwanafunzi aliyekaa maabara kuanzia Jumatatu mchana hadi Alhamisi, na ukizijumlisha saa zake na za wengine utapeleka kwa mkuu wa idara hesabu ya ajabu. Kusoma kitambulisho mara ya pili kuhesabike kuwa ni kutoka, isipokuwa kama hazijapita dakika 2 tangu mara ya kwanza, kwani hapo huenda ni mkono umerudia kwa bahati mbaya. Maabara inapofungwa, programu ifunge mahudhurio ya wote ambao hawajasaini kutoka, lakini isiwaandikie kuwa wametoka saa kumi na mbili kana kwamba inajua. Iweke alama kwamba muda wa kutoka haukusainiwa. Watu hao utawahesabu kama waliohudhuria, na saa zao hutazijumlisha na za wengine. Ripoti iseme wazi ni mahudhurio mangapi yana muda kamili na mangapi hayana. Wapo watakaokushauri uwapatie wote saa moja ya kukadiria ili jumla ipendeze; mkuu wa idara akija kuuliza umeipata wapi, utakuwa huna jibu.

Wanaofundisha wawekewe utaratibu wao, kwa kuwa saa zao ni fedha. Kwao kutosaini kutoka kusipite hivi hivi: msimamizi wa zamu athibitishe siku ile ile au kesho yake asubuhi. Tena, kosa lisirekebishwe kwa kufuta mstari wa zamani, bali kwa kuongeza mstari mpya unaoonyesha nani amerekebisha, lini na kwa sababu gani.

Kuhusu kompyuta yako ya zamani, kabla ya jambo lolote izime, chomoa waya, iache usiku kucha, kisha asubuhi uiwashe na kutazama saa yake. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya duara iliyo ndani, ambayo kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, imekwisha, na kila umeme utakapokatika mahudhurio yako yataandikwa tarehe za kale. Badilisha betri hiyo, na programu ikatae kufunguka ikikuta tarehe ya leo iko nyuma ya tarehe ya mstari wa mwisho ulioandikwa. Kwa kanzidata, programu iitwayo SQLite inatosha kabisa: ni ya bure, haihitaji seva, na taarifa zote zinakaa kwenye faili moja ambalo programu italinakili kila jioni kwenye flashi baada ya kufunga. Flashi hiyo isilale kwenye droo ya meza ile ile. Na kaunta buku usilitupe, kwa sababu umeme utakatika. Lichorwe safu zile zile za kwenye skrini ili kuhamisha kusiwe kazi ya kukisia.

Ukiamua kuingiza pia mahudhurio ya miaka iliyopita, angalia safu ya muda. Aliyeandika “saa 2” katika siku ambayo maabara ilifunguliwa kutwa, je, alikuja asubuhi, au aliitazama simu yake na kuona 2:00 ya mchana, ambayo sisi tunaiita saa nane? Pasipo na uhakika acha wazi. Kompyuta yenyewe itumie saa 24, yaani 08:00 na 14:00, pasiwe na ubishi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na maabara yetu ya usaidizi imeanza kutumia kompyuta kusaini. Mhadhiri mmoja alitangaza darasani kwamba anawajua “wanaokimbilia huko kila siku”. Tangu hapo baadhi yetu tumeacha kwenda. Je, ana haki ya kuona majina yetu?
Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Mwanangu, taarifa zenu zilikusanywa ili chuo kijue maabara inatumikaje, na sheria niliyoitaja hapo juu inataka taarifa binafsi zitumike kwa lengo lile lililokusanyiwa. Mhadhiri akipewa idadi ya waliokuja kwa ajili ya somo lake na mada walizokwama, inatosha na itamsaidia kufundisha. Majina hayaongezi kitu. Mwoneni msimamizi wa maabara mkiwa na kiongozi wenu wa darasa, mwombe mambo mawili: skrini isionyeshe orodha ya walioingia, na pawe na tangazo mlangoni linaloeleza nani anaona nini. Nanyi rudini maabara. Mtihani hautawasubiri mmalize kumnunia mhadhiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Nzega, nasimamia chumba cha kusomea chenye wanafunzi wachache. Je, Excel peke yake haitoshi?
Mwalimu, Nzega

JIBU: Mwalimu, inatosha, na hata LibreOffice Calc, programu ya bure inayofanana nayo, inatosha. Kabla ya kuanza kuingiza, badilisha aina ya safu ya namba za wanafunzi iwe maandishi. Ukiiacha ilivyo, 0047 itageuka 47, na namba yenye mkwaju kama 3/12 inaweza kugeuzwa kuwa tarehe. Saa ya kuingia bonyeza Ctrl, Shift na nukta mbili kwa pamoja, itajiandika yenyewe.