Wasomaji Wanauliza: Modi za Gemu, Pa Kuzipakua na Namna ya Kuzitunza

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua gemu ya Skyrim Special Edition kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, na nataka kuiwekea modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji. Laptopu yangu haina nafasi kubwa, na intaneti ninayotumia ni ya bando la simu. Rafiki zangu wawili wamenipa ushauri unaopingana: mmoja anasema nichukue modi zote Nexus Mods na kuzisimamia kwa Vortex, na mwingine ananisisitizia Mod Organizer 2 na kunikataza kabisa kuigusa Vortex. Mimi nilidhani Steam Workshop, sehemu ya modi iliyo ndani ya Steam yenyewe, ingenitosha, lakini nimeitafuta na siioni. Nifuate njia ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na hiyo Workshop uliyoikosa. Steam Workshop ilianza Oktoba 2011 kwa ajili ya gemu ya Team Fortress 2, na Skyrim ya awali ikaunganishwa nayo Februari 2012. Toleo la Special Edition, lililotoka Oktoba 2016, halikuwekewa Workshop, kwani Bethesda, kampuni iliyotengeneza Skyrim, iliamua kuweka mfumo wake wa modi ndani ya gemu yenyewe, mfumo ambao tangu Desemba 2023 unajulikana kwa jina la Creations. Huo unaweza kuutumia bila programu nyingine yoyote, nao unamfaa mtu anayetaka modi chache za mavazi na silaha. Modi zinazobadilisha gemu kwa kina, hasa zile zinazotegemea nyongeza iitwayo SKSE, hutazipata humo, na kwa mchezaji wa Skyrim wa kwenye kompyuta hizo ndizo zenye utamu.

Baada ya hapo ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo mabishano ya rafiki zako yameyachanganya, yaani ghala na msimamizi. Ghala ni mahali modi zinapohifadhiwa na kupakuliwa. Msimamizi ni programu inayozipanga kwenye kompyuta yako, kuamua ipi itangulie na kuziondoa unapozichoka. Kuhusu ghala, rafiki zako hawana ugomvi: Vortex na Mod Organizer 2 zote mbili hupokea modi kutoka Nexus Mods, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2001 na Mwingereza Robin Scott, na kwa Skyrim hakuna ghala linaloikaribia kwa wingi wa modi. Kujisajili ni bure, ila asiyelipia huwekewa kikomo cha kasi ya kupakua. Pia, akitaka kuchukua mkusanyiko wa modi uliokwisha kupangwa na mtu mwingine, hulazimika kubofya modi moja baada ya nyingine, ilhali mwanachama anayelipa huachia programu ifanye kazi hiyo yenyewe. Kwa mtumiaji wa bando, kikomo hicho si hasara kubwa, kwa sababu kinachokumaliza ni ukubwa wa modi wala si kasi yake. Modi moja ya kuboresha sura za milima na mawe inaweza kula gigabaiti kadhaa, na wengi huchukua toleo lenye ubora wa juu kabisa kwenye laptopu isiyoweza hata kulionyesha vizuri. Chukua toleo la chini au la kati.

Sasa tuje kwa wasimamizi. Kinachofurahisha ni kwamba mtu aliyeanzisha Mod Organizer, anayejulikana kwa jina la mtandaoni la Tannin, ndiye aliyeajiriwa baadaye na Nexus Mods na kuongoza utengenezaji wa Vortex, kwa hiyo rafiki zako wanagombania kazi za mkono mmoja. Tofauti iliyopo ni ya utaratibu. Vortex huhifadhi faili za modi katika folda yake, kisha huzipa faili hizo jina la pili ndani ya folda ya gemu. Ni faili ile ile moja ndani ya diski, inayoonekana mahali pawili, kwa hiyo nafasi haitumiki mara mbili. Sharti lake ni kwamba folda ya Vortex na folda ya gemu ziwe katika sehemu moja ya diski. Ukiweka gemu kwenye D na folda ya Vortex ikabaki kwenye C, njia hiyo haitafanya kazi, na malalamiko mengi tunayoyasikia kwamba Vortex imegoma huanzia hapo.

Mod Organizer 2 haiweki kitu chochote ndani ya folda ya gemu. Unapoianzisha gemu kupitia kwake, huionyesha Skyrim folda ya kubuni ambamo modi zote zinaonekana kana kwamba zimewekwa, na unapoifunga, folda halisi hubaki safi kama ilivyotoka dukani. Ukitaka kubadilisha ipi ishinde pale modi mbili zinapogusa faili moja, unaburuta jina lake juu au chini na kazi imekwisha. Katika Vortex unaandika kanuni kati ya modi hii na ile, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huwachosha. Mod Organizer 2 nayo ina masharti: ni lazima gemu, pamoja na kila programu ya kurekebisha modi, ianzishwe kutoka ndani yake. Anayebofya ikoni ya Skyrim kwenye Steam kwa mazoea atakuta modi zote zimetoweka, na baadhi ya programu za kukinga virusi huitilia shaka njia hiyo ya folda ya kubuni.

Kwa hali yako, yaani gemu moja, diski ndogo na bando la kuhesabu, mimi ningechagua Mod Organizer 2, na sababu yangu kubwa ni urahisi wa kurudi nyuma. Mtu anayejifunza kuweka modi ataiharibu gemu yake, hilo halina mjadala, na ikiwa folda yake ya gemu imebaki safi hatalazimika kuipakua Skyrim nzima upya. Kama ungekuwa unacheza pia Stardew Valley, The Witcher 3 na Cyberpunk 2077, ningegeuza ushauri na kukupeleka Vortex, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kuhudumia gemu nyingi chini ya paa moja, ilhali nguvu ya mwenzake iko zaidi kwenye gemu za Bethesda. Huyo rafiki anayekukataza kuigusa Vortex kabisa anatia chumvi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ni zito kuliko uchaguzi wa msimamizi: masasisho ya gemu yenyewe. SKSE hutegemea toleo halisi la programu ya Skyrim, kwa hiyo Bethesda inapotoa sasisho, kama ilivyofanya Novemba 2021 na tena Desemba 2023, modi nyingi huacha kufanya kazi hadi watengenezaji wake wazirekebishe, na wengine walikwisha kuacha kazi hiyo zamani. Fungua mipangilio ya gemu ndani ya Steam na uchague isasishwe pale tu unapoianzisha kutoka Steam. Kwa kuwa wewe utakuwa ukiianzisha SKSE kupitia Mod Organizer 2, sasisho litasubiri. Duka la GOG lina unafuu zaidi upande huu, kwani humruhusu mnunuzi kurudi kwenye toleo la zamani. Ndiyo maana modi kubwa ya Fallout: London, iliyovurugiwa ratiba na sasisho la Fallout 4 la Aprili 2024, ilipotoka Julai mwaka huo ilitolewa kupitia GOG.

Kuhusu bando, usifute faili zilizopakuliwa baada ya kuziweka modi. Wasimamizi wote wawili hukuruhusu kuchagua folda ya vipakuliwa iwe wapi, hivyo ihamishie kwenye diski ya nje. Siku ukitaka kuanza upya, hutatumia hata megabaiti moja.

SWALI: Mhariri mpendwa, mwanangu wa kidato cha kwanza anacheza Minecraft kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo ndiyo hiyo hiyo ninayofanyia mahesabu ya biashara na malipo ya benki. Anataka kuweka modi, na anataja CurseForge na Modrinth. Naomba kujua ipi ni salama.
Mzazi, Mombasa

JIBU: Mama, kwanza mwulize anacheza Minecraft ipi. Kuna Bedrock, ambayo nyongeza zake hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekwa na gemu, na kuna Java Edition, ambayo ndiyo inayotumia modi za CurseForge na Modrinth. Modi ya Java Edition ni programu kamili. Ikishaanzishwa, inaweza kufanya karibu kila kitu ambacho mtumiaji wa akaunti hiyo ya kompyuta anaweza kufanya, kikiwemo kusoma maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

Si hofu ya kufikirika. Juni 2023 akaunti kadhaa za watengenezaji wa modi kwenye CurseForge zilivamiwa, na wavamizi wakapachika ndani ya modi zilizokuwa zikiaminika programu hatari iliyopewa jina la fractureiser, ambayo iliiba taarifa za kuingilia akaunti na kujaribu kujisambaza kwenye faili nyingine za aina hiyo ndani ya kompyuta. Modi hizo zilipakuliwa kutoka ghala halisi, wala si kutoka tovuti ya vichochoroni. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ghala hili ni salama na lile si salama. CurseForge, ambayo kampuni ya Overwolf iliinunua kutoka Twitch mwaka 2020, ni kongwe na ina modi nyingi zaidi, zikiwemo zile kubwa za miaka iliyopita. Modrinth ni changa, programu yake iko wazi kwa yeyote kuikagua, na kurasa zake hazimchanganyi mtoto kwa wingi wa vitu. Kwa mwanzo ningemshauri Modrinth, na aende CurseForge pale tu anapokosa anachokitafuta. Yapo pia maprogramu ya kuanzishia gemu kama Prism Launcher, ambayo huvuta modi kutoka maghala yote mawili na kutenganisha kila seti ya modi katika folda yake, ingawa baadhi ya watengenezaji wa CurseForge hawaruhusu kazi zao zipakuliwe kwa njia hiyo, na hapo mtoto atalazimika kuzifuata tovutini mwenyewe.

Usalama wako, Mama, hautokani na uchaguzi huo. Mfungulie mwanao akaunti yake ya Windows, isiyokuwa na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, yenye nenosiri tofauti na lako, na shughuli za benki uzifanye katika akaunti yako peke yake. Ikitokea modi mbovu imeingia kwake, itakuta kivinjari kisicho na siri zako.

Mwambie vilevile kwamba kila modi imetengenezwa kwa toleo fulani la Minecraft na kwa kipakiaji fulani, yaani programu inayoziingiza modi ndani ya gemu, iwe Fabric, Forge au NeoForge, na kwamba modi ya Fabric haiingii kwenye Forge kwa kulazimishwa. Gemu inayokataa kufunguka mara nyingi inatokana na hilo, wala haimaanishi kwamba kompyuta imeharibika.

SWALI: Natumia Workshop kuweka malori katika Euro Truck Simulator 2, na sijawahi kupata shida. Lakini ramani ya ProMods siioni humo, na sasisho la gemu likija, baadhi ya modi zinakatika. Je, niiache Workshop?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana, usiiache. Kwa malori, matrela na rangi, Workshop inatosha kabisa: unabofya kujiunga, modi inashuka na kujisasisha yenyewe. ProMods hutolewa na watengenezaji wake kupitia tovuti yao, ambako anayetaka bure hupakua vipande vingi na anayelipa hupata faili moja kwa kasi zaidi. Faili hizo unaziweka katika folda ya mod iliyo ndani ya folda ya gemu kwenye Documents, kisha unaziwasha ndani ya gemu kwenye orodha ile ile inayobeba modi za Workshop. Hakikisha kwanza kwamba una ramani za nyongeza zinazouzwa na SCS Software, watengenezaji wa gemu hiyo, ambazo ProMods inazidai, la sivyo utapakua gigabaiti za bure. Zingatia pia mpangilio, kwani modi iliyo juu katika orodha ndiyo inayoshinda.

Kuhusu masasisho, ramani kubwa huchelewa kufuata toleo jipya la gemu. Steam inakuruhusu kubaki kwenye toleo la zamani la Euro Truck Simulator 2 kupitia sehemu ya matoleo ya majaribio katika mipangilio ya gemu. Baki huko hadi ramani yako itangazwe kuwa tayari, na kabla ya kuhama, nakili folda ya safari ulizohifadhi.

SWALI: Mimi nacheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu. Kuna ghala moja la kuaminika la mabasi ya kwetu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Halipo. Gemu hiyo, ambayo imetengenezwa na Maleo wa Indonesia, imewapa vijana wetu nafasi ya kuchora mabasi ya mikoani ya Tanzania na matatu za Kenya kwa ustadi wa kupendeza, lakini kazi hizo husambaa kupitia viungo vya chini ya video na vikundi vya WhatsApp na Telegramu, na zikifika mkono wa tatu huwezi kujua nani ameziongezea nini. Mfuate mtengenezaji mwenyewe kwenye ukurasa wake na uchukue kiungo alichokiweka yeye. Unachopaswa kupokea ni faili ya gari yenye mwisho wa .bussidvehicle, ambayo gemu huisoma tu, haisakinishwi. Kiungo kikikuletea APK, yaani faili ya kusakinisha programu kwenye simu ya Android, badala ya faili hiyo, au kikakuomba ruhusa ya kusoma meseji zako kabla ya kukupa basi, kifunge na umwulize mtengenezaji kama ni chake.