Orodha ya vitu vya mikono: mpangie mtu mmoja, si Uganda nzima

Ukiingia Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono, ukatafuta mikusanyiko (yaani orodha ambazo watu hupanga za vitu walivyovipenda humo) ya vitu vya mikono kutoka kwetu Uganda, mingi utaikuta imeitwa "Uganda" au, mbaya zaidi, "Afrika". Ndani yake kuna kikapu, shanga za karatasi, ngoma ndogo, mkoba wa kitenge, kinyago kisichojulikana kimetoka wapi, na twiga wa mbao. Aliyekusanya ana nia njema, simlaumu. Lakini mimi sijawahi kukutana na mtu aliyeamka asubuhi akasema leo ninanunua Uganda. Watu hununua zawadi ya mama mkwe, kitu cha kutundika juu ya kochi, hereni za kwenda na gauni ambalo tayari liko kabatini. Orodha isiyojua inamhudumia nani huangaliwa, hupendwa, na hakuna kinachonunuliwa.

Nasema haya kwa sababu kupanga orodha ndiyo kazi yangu ya jioni. Mchana natengeneza shanga za karatasi hapa Kampala. Bidhaa zangu zinauzwa kwenye duka la binamu yangu aliyeko Leeds, Uingereza: mimi namtumia mzigo kwa mkupuo, yeye anafunga na kuposti kwa wateja. Na kwa wale wanaoniuliza kila mara, kupanga orodha hakudai uwe na duka. Akaunti ya bure inatosha. Unabofya alama ya moyo, kitu kinaingia kwenye vipendwa vyako, unakiweka kwenye mkusanyiko uliopewa jina, kisha unaamua uonekane na watu wote au ubaki wako peke yako.

Wauzaji wa zamani wanakumbuka kwamba Etsy, iliyoanzia Brooklyn mwaka 2005, ilikuwa na kitu kilichoitwa hazina: mteja au muuzaji anachagua vitu 16 tu, vinapangwa safu nne kwa nne. Hazina zilishafungwa, na mikusanyiko ya sasa inakuruhusu kujaza kadiri unavyotaka. Mimi bado nashikilia 16. Ukiwa na nafasi chache unalazimika kuuliza kila kitu kimekuja kufanya nini hapo. Ukiachiwa uwanja, utaweka kila kinachokupendeza, na mwisho wake ni ghala.

Nikupe mfano wa orodha iliyonifaa kuliko zote. Kwenye nchi nyingi zinazosema Kiingereza kuna mila ya kuupa kila mwaka wa ndoa kitu chake cha zawadi. Mwaka wa kwanza ni karatasi, wa pili pamba, wa tatu ngozi, wa tano mbao. Huku kwetu mume akimletea mkewe karatasi siku ya kutimiza mwaka wa ndoa, mashemeji wataitisha kikao. Lakini kule, kuna mwanamume ambaye wiki mbili kabla ya siku yenyewe anahangaika usiku akitafuta kitu cha karatasi ambacho si kadi. Mkufu wa shanga za karatasi ni jibu lake, ila yeye hajui kwamba kitu hicho kipo. Akitafuta "shanga za Uganda" hatakifikia kamwe, maana hajui aulize hivyo. Akitafuta zawadi ya karatasi ya mwaka wa kwanza, anakifikia.

Kwa hiyo orodha hiyo niliipa jina la shida yake, na nikaijaza vitu vya karatasi kutoka maduka mbalimbali: daftari lililoshonwa kwa mkono, maua ya karatasi, taa ya kutundika yenye kivuli cha karatasi nzito, ramani iliyokatwa kwa umbo la moyo, na mkufu mmoja wa kwetu. Mmoja. Sikuutanguliza, niliuweka katikati, baada ya daftari. Mtu akiona orodha ambayo vitu kumi vimetoka duka moja, anajua papo hapo kwamba hilo ni tangazo, anaondoka. Akiona mpangaji amechagua vya watu wengine kwa haki, anaamini hata kile cha mpangaji mwenyewe. Tena wenye maduka wale huona kwamba kitu chao kimependwa. Baadhi huja kutazama nani huyu, na wengine hurudisha fadhila bila kuombwa. Usiwaandikie ujumbe wa kuwaomba, hiyo ni kero.

Mila ya pamba inafaa kwa wenzangu wanaoshona, na ya mbao kwa wachongaji. Kuna pia siku za mama, na hapa kuwa mwangalifu. Uingereza huiadhimisha Jumapili ya nne ya Kwaresima, yaani Machi mara nyingi, wakati Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei, kama tunavyofanya sisi. Hizo ni orodha mbili tofauti, zenye maduka tofauti, maana mnunuzi wa Machi hatangoja kifurushi kinachovuka bahari.

Sasa picha, ambako watu wengi wenye jicho zuri wanapotelea. Orodha haisomwi. Inatazamwa yote kwa mpigo, na kwenye simu vile vya juu ndivyo vinavyoamua kama mtu atashuka chini au atafunga. Kitu kizuri sana kikiwa na picha ya giza, kiache. Inauma, hasa kama unamjua aliyekitengeneza, lakini kiache, kisha mwambie apige picha upya.

Jifunze vitu gani vinapatana vikikaa jirani. Lubugo, ile nguo ya gome, ina rangi ya udongo uliochomwa na inameza mwanga. Ukiiweka katikati ya mikeka ya ukindu iliyotiwa zambarau na kijani kikali, inatoweka. Iweke karibu na kitu cheupe au na pembe ya ng'ombe wa Ankole iliyosuguliwa ikang'aa, yenye mawingu ya krimu na nyeusi, na vyote viwili vitaonekana vya thamani. Vikapu vya kusuka kwa mzunguko vya magharibi mwa Uganda vina michoro mizito. Viwili kwenye orodha vinatosha, na usiviweke bega kwa bega. Shanga zetu zina tatizo lake, kwa sababu tunazipaka vanishi. Zikipigwa picha kwa flashi kila ushanga unakuwa na doa jeupe. Mimi huchagua picha zilizopigwa kivulini, karibu na mlango au dirisha, na upande wa nyuma uwe mtulivu. Nikimaliza kupanga, napiga picha ya skrini naitazama ikiwa imepunguzwa sana. Penye fujo panajionyesha penyewe.

Bei nazo zichanganye. Mtu akikutana na taa ya gharama kubwa halafu hereni za bei nafuu, hereni zinampa pa kutokea bila aibu. Orodha yenye vitu vya bei kubwa tupu hugeuka maonyesho.

Jambo la kuhakikisha kwamba kitu kimetengenezwa kwa mkono kweli halina njia ya mkato. Tangu 2013 Etsy inaruhusu wauzaji kushirikiana na watengenezaji wa nje, na mbali na hao walioruhusiwa kuna wanaouza mali ya kiwandani wakiipa jina la kazi ya bibi. Ukiona picha ileile kwenye maduka matatu, achana nayo. Mimi pia husoma maelezo ya muuzaji. Chukua lubugo tena. UNESCO ilitambua utengenezaji wake mwaka 2005 na kuuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008, kwa hiyo kila mtu sasa hivi anataja UNESCO. Hilo halinitoshi. Muuzaji anayeijua kazi atakuambia ni gome la ndani la mti wa mutuba, linavunwa wakati wa mvua, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lipanuke na kulainika, na shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba ili gome liote upya. Akieleza hivyo, namweka. Akiandika tu "nguo ya kale ya Kiafrika", namruka. Vivyo hivyo kwa pembe: maelezo yaseme wazi ni ya ng'ombe. Pembe za ndovu zimepigwa marufuku kwenye soko hilo, na mteja mwenye wasiwasi hatakuuliza, ataondoka tu.

Kuna kifo cha orodha ambacho watu hawakioni: vitu vinaisha. Kazi ya mikono mara nyingi ni kimoja tu duniani. Pembe haifanani na pembe, na kile kipande cheusi chenye mstari mweupe kikinunuliwa, basi. Mnunuzi anayefika akakuta vinne kati ya vile vya juu vimekwisha, anahisi amefika sokoni jioni. Kwa hiyo nafasi za juu nawapa wale wanaoweza kutengeneza tena, kama washonaji wa mikoba na sisi wa shanga, kisha vile vya pekee navitawanya chini. Halafu narudi kukagua. Kila wiki inatosha, na kabla ya msimu ni karibu kila siku. Bando si bure, najua. Ndiyo maana ni bora kuwa na orodha tatu zilizo hai kuliko ishirini ulizozisahau.

Kwa wanaopangia wateja wa Marekani kuna hesabu mpya. Vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 vilikuwa vikiingia huko bila ushuru, na msamaha huo ukaondolewa kwa nchi zote kuanzia tarehe 29 Agosti 2025. Mteja akitozwa kitu asichokitarajia, hasira yake humwangukia muuzaji. Kwenye orodha zangu za huko sasa natanguliza maduka ambayo mzigo tayari uko ndani ya Marekani, au yanayoeleza waziwazi nani analipa ushuru. Imenilazimu kuyaondoa maduka kadhaa ya Kampala ninayoyapenda, na nimeyahamishia kwenye orodha za Uingereza.

Kuhusu kusambaza, sina mengi. Tuma kiungo kwa watu wanaohusika na orodha hiyo, si kwa kila kundi la WhatsApp ulilomo; kundi la ukoo halitanunua taa ya karatasi.

Na wakati. Orodha ya Krismasi naianza Agosti na kuiachia wazi mwishoni mwa Septemba, maana mzigo wa kutoka hapa unapaswa kuwa umefika Leeds kabla Novemba haijaanza. Orodha za harusi za kule huwa za miezi yao ya joto, Juni hadi Agosti, kwa hiyo wanaharusi wanatafuta tangu Januari. Ukiwa unasoma haya Januari na una vikapu vya kutilia mikate mezani, umewahi.